Bakigraundi ya kukunja, bluu na nyeupe: tazameni vidole kwanza

Mafundi wa picha za pasipoti saizi, habari za kazi! Mliiulizia sana, hii hapa: bakigraundi ya kukunja, futi 5 kwa 7, bluu huku, nyeupe huku. Mfuko, zipu, waya wa kufyatuka, hayo mnayajua, nayaruka.

Nageuza nyeupe mbele, dirisha liko nyuma. Naingiza mkono katikati ya kitambaa na dirisha. Mnaviona vidole? Vyote vitano! Kitambaa chepesi kama chandarua. Sasa mwanga ukitoka nyuma unapita kwenye ile bluu kwanza, na nyeupe yako inakuja na rangi ya maji ya bluu ya kufulia. Viza ya Marekani inataka nyeupe au inayokaribia nyeupe, picha ya milimita 51 kwa 51. Hii watairudisha. Na msikimbilie programu za kufuta nyuma: Wamarekani hawataki picha iliyochezewa, halafu programu zenyewe zinakula nywele, rasta ndiyo kabisa.

Iegemezeni ukutani, mbali na dirisha. Bado ubluu unaonekana? Bana shuka jeupe zito juu yake. Lakini ukishabana shuka, si umenunua waya tu? Basi afadhali kitambaa cha tetroni nzito na klipu za kubania.

Upande wa bluu, haki yake tuipe, umetulia. Shida ni mnavyomkalisha mteja. Angalieni: stuli iko sentimita 20 kutoka kwenye kitambaa, kivuli cha sikio kile pale, na kola ya shati imeshika ubluu. Naivuta hadi mita moja... kivuli kimeshuka, kimetoka kwenye fremu. Mita moja na nusu, kola imerudi nyeupe. Taa mbili, kushoto na kulia, nyuzi 45, urefu sawa. Fleshi ya kamera izimeni.

Mikunjo? Itanue, nyunyizia maji, iache ikauke ikiwa wima. Mnaotumia bakigraundi ya PVC, yaani ya plastiki, chagueni isiyong'aa, na muiviringishe. Ukiikunja, alama haitoki tena. Karatasi ya manila inafaa kwa kichwa na mabega, ila ikigusa jasho imekwisha.

Wiki ijayo ni taa, bonyezeni kengele. Ee, nilitaka kusahau: mteja wa shati jeupe kwenye nyeupe, mabega yanapotea, mwekeeni koti jeusi studio. Nyeupe hii naipa mbili kwa kumi. Bluu, saba. Basi sita, waya wake ukifyatuka unapiga watu usoni.