Hita ya pampu ya joto: niliyoyaona tangu ning'oe tangi la zamani

Nianze na jibu, maana najua ndilo wengi wanalolitafuta: ndiyo, hita hii ya kupasha maji ya nyumbani imepunguza umeme nyumbani kwetu, tena kwa kiasi ambacho hata asiyejua kusoma mita angekiona. Ila ni mashine yenye tabia zake, na tabia hizo muuzaji hakutuambia. Nimekaa nayo wakati wa baridi na wakati wa joto, nyumba ikiwa imejaa wageni na ikiwa tupu, kwa hiyo nitasema nilivyoiona.

Kabla yake tulikuwa na tangi la kawaida la umeme, lita 150, lenye elementi (kile chuma cha ndani kinachopata moto kwa umeme) ya kilowati 3. Halikuwa bovu. Shida ilikuwa kwenye maji yenyewe, kwani maji hayapati moto kirahisi: kilo moja inataka takriban kilojuli 4.2 ili ipande nyuzi 1 tu ya selsiasi. Chukua lita 150 za nyuzi 20, zipandishe hadi 60, na umeshakula karibu uniti 7 za umeme, yaani kilowati-saa 7. Elementi haina ujanja hapo. Inakupa joto lilelile ulilolilipia, na hakuna elementi ya bei yoyote itakayokupa zaidi. Kisha tangi linapoa usiku na kujiwasha tena lenyewe, hata kama hakuna aliyegusa bomba. Kuna safari tuliyoondoka wote, tukazima kila kitu isipokuwa tangi. Tuliporudi mita ilikuwa imetembea vizuri tu, na hakuna aliyeoga.

Nilipoamua kubadilisha, hita ya papo hapo, inayopasha maji yakiwa yanapita, ndiyo niliyoifikiria kwanza, kwa sababu haihifadhi maji na hivyo haipotezi joto kwa kukaa. Nikapiga hesabu. Hita ya kilowati 5, ikipandisha maji kwa nyuzi 25, haifikishi lita 3 kwa dakika. Maji hayo yanatosha kunawa mikono. Mtu mwenye nywele ndefu atatoka bafuni na povu kichwani. Kwa anayeishi peke yake, asiye na haraka, bado naona ndiyo yenye akili kuliko zote. Kwa familia, hapana.

Hita ya sola ndiyo niliyoitamani, na nisiposema hivyo nitakuwa nadanganya. Ile ya tangi lililokaa juu ya paneli haina mota wala pampu: maji yakipata joto ndani ya paneli yanakuwa mepesi, yanapanda yenyewe hadi kwenye tangi, na ya baridi yanashuka kuchukua nafasi yake. Kitu kisicho na mota hakiwezi kuungua mota. Lakini upande wa paa letu unaopata jua unafunikwa na kivuli cha jengo la jirani kwa sehemu kubwa ya mchana, na tangi la lita 200 likijaa, maji peke yake ni kilo 200. Fundi aliyeziangalia mbao za paa alitikisa kichwa, na mimi sikubishana naye. Kama paa lako ni imara na halina kivuli, soma hadi hapa, kisha nenda kaulizie sola.

Ikabaki pampu ya joto. Kwa ufupi ni friji iliyogeuzwa. Friji huchota joto ndani ya sanduku lake na kulitupa nje kwa nyuma. Hii huchota joto la hewa na kulitupa ndani ya tangi. Gesi iliyo kwenye koili huwa baridi kuliko hewa inayoizunguka, kwa hiyo hewa huipa joto. Kompresa huibana hadi inakuwa moto kuliko maji, halafu inapita kwenye koili iliyozunguka tangi na kuliacha joto lake hapo. Unacholipia ni umeme wa kompresa na feni. Ndiyo maana uniti 1 inaweza kuleta tangini joto la uniti 3, na hakuna uchawi wowote: hizo mbili nyingine zimetoka hewani, ambako zilikuwepo siku zote bila kukutumia bili.

Tangi letu jipya ni la lita 200. Kwa elementi, kulipandisha kutoka nyuzi 20 hadi 60 kungetaka uniti 9 na kidogo. Pampu hufanya kazi hiyohiyo kwa uniti 3 hivi hali ya hewa ikiwa ya joto, na zaidi ya hapo hewa ikipoa, kwa sababu kadiri hewa inavyokuwa baridi ndivyo kompresa inavyotoka jasho. Najua haya kwa sababu nilimwomba fundi umeme anifungie mita ndogo kwenye waya wa hita peke yake. Fanya hivyo. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji hupimwa kwa hewa ya nyuzi maalumu na maji ya nyuzi maalumu, na nyumba yako haina mkataba nao.

Sasa tabia zake. Kubwa kuliko zote ni upole. Kompresa yetu huvuta umeme mdogo kuliko pasi ya nguo, na joto linaloingia kwenye maji ni la kilowati moja na nusu hivi. Ukilianza tangi likiwa baridi, ni kama saa sita hadi lijae moto. Elementi ya zamani ingelimaliza tangi hilohilo kwa muda wa nusu hiyo. Kwa siku ya kawaida hatuoni tofauti yoyote, kwani inafanya kazi sisi tukiwa hatupo. Lakini wageni wakiingia, wakaoga wote asubuhi moja, wa mwisho ataoga maji ya kuamshia. Ndani yake imewekwa elementi ya akiba yenye kitufe chake, na kitufe hicho sasa kina siasa zake hapa nyumbani: kuna wanaokibonyeza kimyakimya, na kuna mimi, ninayewaona kwenye mita ndogo. Ukikizoea, umelirudisha tangi la zamani kwa bei ya jipya. Ushauri wangu ni kununua tangi kubwa kidogo kuliko lile unalolitoa, ili kitufe kikose kazi.

Tumeiwekea saa ianze kazi katikati ya mchana, hewa ikiwa na joto zaidi, badala ya alfajiri. Badiliko hilo dogo lilionekana kwenye mita bila kununua kitu. Mwenye paneli za kuzalisha umeme atafurahi zaidi, kwa kuwa saa za hewa ya joto ndizo saa za jua kali, na mashine inavuta kidogo kiasi kwamba paneli chache zinaibeba.

Inanguruma pia. Sauti yake ni kama ya feni kubwa, mchana huisikii, ila usikubali ifungwe ukutani mwa chumba cha kulala. Na inatoa hewa baridi na kavu. Ukiifungia kwenye stoo ndogo itabaki inavuta hewa ileile iliyokwisha kuipoza. Watengenezaji wengi hutaka chumba cha mita za ujazo 20 hivi, au mabomba ya kuleta hewa kutoka nje. Yetu iko kwenye kibaraza cha kufulia, na nguo zinazoanikwa karibu nayo zinawahi kukauka, faida ambayo hakuna aliyenitajia. Unyevu inaoutoa hewani hugeuka maji yanayodondoka, kwa hiyo ni lazima iwe na kibomba cha kuyatoa.

Kuna mdondoko mwingine ambao haufanani na huo, na hapa nitakaa kidogo. Maji yakipata joto yanatanuka. Lita 200 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 zinaongezeka kwa takriban lita 3, na lita hizo zinahitaji pa kwenda. Zinatokea kwenye valvu ya usalama, tone kwa tone, tangi linapopata moto, kama mfumo wako hauna tangi dogo la kupokea mtanuko. Fundi mmoja aliyeitwa kwa kazi nyingine aliona matone hayo, akasema valvu imekufa, akataka kuiziba kwa plagi. Nilimzuia mlangoni. Tangi lililozibwa valvu, thamostati yake, yaani kifaa cha kuzima joto likitosha, ikikwama siku moja, linaweza kupasuka na kubomoa ukuta. Valvu ikidondosha kidogo wakati wa kupasha, iache. Ikimwaga muda wote hata maji yakiwa yamepoa, hapo ndipo umwite fundi, na wa kuibadilisha, si wa kuiziba.

Kuhusu nyuzi za kuweka, utashawishika kuteremsha hadi 45, kwa kuwa pampu hutumia umeme kidogo zaidi maji yasipokuwa moto sana. Usifanye hivyo moja kwa moja. Bakteria aina ya Legionella, wanaoleta nimonia mbaya, hustawi kwenye maji ya kati ya nyuzi 20 na 45, na nyuzi 60 huwaua. Mashine nyingi zina programu ya kupandisha joto mara moja kwa wiki kwa ajili hiyo. Sisi tunahifadhi kwa 60 na kulipia tofauti. Lakini maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde chache, kwa hiyo kwenye bomba la kutokea tangini kuna valvu ya kuchanganya inayoteremsha joto kabla maji hayajafika bafuni. Nyumba yenye mtoto au mzee isikose valvu hiyo, hata kama itabidi uahirishe kitu kingine.

Mabomba nayo yana lao. Bomba lenye upana wa milimita 20 kwa ndani hubeba karibu theluthi moja ya lita kwa kila mita. Kama jiko liko mita 12 kutoka kwenye tangi, unamwaga karibu lita 4 za baridi kabla ya moto kufika, na ukifunga bomba unaacha lita 4 za moto zipoe ndani ya ukuta. Hakuna hita inayotibu hilo. Tulilisogeza tangi karibu na bafu na kuyavalisha mabomba sponji. Tulibadilisha pia kichwa cha shawa, kutoka kile cha zamani kilichomwaga lita 15 kwa dakika hadi cha lita 8, na kwa pesa iliyotumika, hicho kimefanya kazi kuliko kitu kingine chochote. Mtu asiye na uwezo wa kununua pampu sasa aanze na shawa na sponji leo.

Kwenye kununua, ulizia gesi iliyomo. Mashine nyingi za miaka ya nyuma hutumia R134a, ambayo ikivuja hupasha dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Mpya nyingi zina R290, yaani propani, isiyo na madhara makubwa kwa hewa lakini inashika moto, kwa hiyo fundi wake awe amesomea.

Mwisho ni fimbo ya magneziamu iliyo ndani ya tangi. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya chuma cha tangi, na ikiisha, kutu huhamia kwenye tangi lenyewe. Ikaguliwe kila baada ya miaka michache, mapema zaidi kama maji yenu yana chumvi nyingi. Kwenye mashine nyingi inachomolewa kwa juu, na inaweza kuwa na urefu unaokaribia wa tangi. Sisi tuliacha nafasi hiyo chini ya dari tangu siku ya kufunga. Kama kwenu dari ni fupi, zipo fimbo za vipande vilivyoungwa kama mnyororo, zinazokunjika wakati wa kuingizwa. Agiza moja mapema.