Geese, Wednesday au Big Thief: Bando Lako Liende kwa Nani?

Haya jamani, karibuni tena, niko Kisumu, na hiyo kelele mnayoisikia nyuma ni mvua ya jioni juu ya mabati. Haitanizuia. Leo sina subira kabisa. Kuna albamu imenikaa kichwani na lazima tuizungumze: Getting Killed ya Geese, bendi ya roki ya vijana wa Brooklyn, New York. Imetoka Septemba 2025 na mmenijazia maoni mkiuliza mbona nimekaa kimya. Nilikuwa naisikiliza! Hii si albamu ya kuweka ukiosha vyombo halafu ukaja mbele ya kamera kugawa maksi.

Nani anapiga nini, mnajua. Prodyuza ni Kenneth Blume, yule Kenny Beats wa hip hop, na ukisikia jinsi ngoma zilivyosukumwa mbele unaelewa mara moja mkono wake uko wapi. Tuyaache hayo, twende wimbo wa kumi, "Taxes". Kodi.

Tulieni hapa. Wimbo wenyewe siwezi kuwawekea, hakimiliki itaninasa na video itashushwa, kwa hiyo naupiga mezani. Sikilizeni. Unaanza na ngoma, na si ule mdundo wa roki mliozoea. Max Bassin anazunguka kwenye zile ngoma nene, dum-duku-dum, duku-dum-duku, mnasikia? Hatulii mahali pamoja. Juu yake Cameron Winter anaimba kwa ile sauti yake ya kuburuta, kama mtu aliyeamshwa saa nane za usiku. Anasema ukitaka alipe kodi, uje na msalaba, itabidi umpigilie misumari. Mkenya yeyote aliyeshika karatasi yake ya mshahara mwisho wa mwezi hahitaji kuelezwa mstari huo.

Sasa niulizeni, magitaa yako wapi? Yamefichwa. Unangoja. Ngoma zinaendelea, dum-duku-dum, Winter analalamika, wewe unangoja tu, unaanza kuwaza labda wimbo wote utakuwa hivi. Halafu hapa, hapa hasa, magitaa yanafunguka yote kwa pamoja, juu, safi, yanameremeta, na wimbo uliokuwa unatambaa unatimua mbio! Kila nikifika hapo mikono inasimama nywele. Narudisha nyuma, nausikia tena, na bado.

Nyinyi mliokulia huku mshajua naelekea wapi. Hiyo ni klaimaksi! Benga, muziki wetu wa gitaa wa Waluo, imefanya hivyo miaka yote. Mwimbaji anasimulia kisa chake, anataja watu wake, kisha sauti zinanyamaza, gitaa la solo linauchukua wimbo, besi inachemka, na waliokuwa wamekalia viti wanainuka. Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz ndio waliotufundisha kusikiliza namna hiyo, na gitaa la benga lenyewe limejifunza kwa nyatiti, ile ala ya jadi yenye nyuzi nane, uzi unachunwa mmoja mmoja, hauparuzwi wote kwa mpigo. Sisemi Geese wamesikiliza benga. Ninachosema ni kwamba sikio lililolelewa na matatu za Kondele, hapa Kisumu, linajua kungoja gitaa. Naona wachambuzi wa chaneli nyingine wanasema nusu ya kwanza ya "Taxes" haina kitu, waliruka mbele. Jamani! Ukiruka mbele umejinyima wimbo wote, kwa sababu furaha ya pale magitaa yanapofunguka imetengenezwa na ule ungojaji.

Na wale wanaoniandikia kila wiki kwamba roki ya indie, hii ya bendi kama Geese, si yetu, tafuteni Extra Golden. Waluo wawili watatu na Wamarekani wawili, benga na roki kwenye sahani moja, albamu ya kwanza Ok-Oyot System ya 2006. Otieno Jagwasi, aliyeimba humo, alifariki 2005 kabla haijatoka. Ile bendi ilistahili kuimbwa kila kona ya mji huu, na inaniuma kwamba vijana wengi hapa hawajui hata jina lake. Nitaifanyia video yake, nimeahidi.

Turudi. "Trinidad", wimbo wa kwanza. Unaanza polepole, karibu usinzie, ghafla Winter anapiga ukelele kwamba kuna bomu ndani ya gari lake, na tromboni inalipuka pamoja naye. Kama una hedifoni, punguza sauti kwanza, nakwambia kwa upendo. Naupenda? Asubuhi hapana. Usiku, taa zimezimwa, naupenda sana. Bado sijaamua kama ni sawa kuuweka mlangoni mwa albamu, kwa sababu najua watu waliosikia ukelele ule wakafunga, wakaikosa "Au Pays du Cocaine", ambayo ni nyororo, inaomba mtu arudi nyumbani, na Winter hajawahi kuimba vizuri kuliko hapo.

Sasa bendi ya Wednesday, albamu ni Bleeds, ilitangulia Geese kwa wiki moja. Hawa ni wa North Carolina, na nyinyi watu wa Nakuru na Eldoret mnaojua nyimbo za Don Williams kwa moyo, hii ni yenu. Anzeni na "Elderberry Wine". Lile gitaa la chuma la kutelezesha linalia vile vile linavyolia kwenye kantri mliyolelewa nayo Jumapili redioni. Halafu uko hapo umetulia, unafika "Wasp", mwimbaji wao Karly Hartzman anapayuka mwanzo hadi mwisho, na kabla hujashika kiti wimbo umekwisha. Mtu mmoja, albamu moja! Nilifikiri nitasema Bleeds ni nzuri kuliko Getting Killed, na kwa maneno ya nyimbo pengine ni kweli, maana Hartzman anakuandikia mtaa mzima ndani ya ubeti. Lakini Geese wana ule mfunguko wa magitaa. Ninarudi hapo hapo.

Bendi ya Big Thief mliniomba. Double Infinity, nyimbo tisa, ya kwanza tangu mpiga besi wao Max Oleartchik aondoke. Wameita wanamuziki wengi studio, yupo hata mzee Laraaji, mkongwe wa muziki mtulivu wa kutafakari. Na shida yangu ndiyo hiyo: watu wengi, wimbo unazunguka, unazunguka, na gitaa la Buck Meek silioni. Mwimbaji wao Adrianne Lenker anaandika kuliko karibu wote walio hai, kwa nini afunikwe na msongamano? "Incomprehensible" ichukue. Zilizobaki, sikiliza kwa rafiki.

Bei. Mnauliza kuhusu santuri. Ukiagiza kutoka Marekani, usafirishaji peke yake unaweza kuikaribia bei ya sahani yenyewe, ushuru unangoja, VAT asilimia 16 inangoja. Mimi napakua nikiwa kwenye WiFi, nahifadhi simuni, bando linabaki. Pesa zako za santuri ziwekee albamu moja ya mwaka, na ya 2025 kwangu ni Geese.

Habari za chaneli: kuanzia sasa video zitatoka Alhamisi jioni, si Jumamosi tena. Inayofuata ni Manning Fireworks ya MJ Lenderman, ya 2024, yule yule anayepiga gitaa kwenye rekodi za Wednesday. Wimbo wake wa mwisho una dakika kumi, na sehemu kubwa ni mvumo tu, hakuna neno. Nina mengi ya kusema juu ya mvumo ule, na si yote mazuri. Kama unautetea, andika hapo chini sababu yako, nitaisoma hewani.