Afro Roots ya Mongo Santamaría: ukitafuta gitaa utangoja sana

Wacha niseme mapema ndio usinilaumu baadaye, hii santuri ya Mongo Santamaría, mpiga ngoma za konga wa Kuba, si rumba. Yaani ni rumba, tena ile yenyewe ya Kuba, lakini si ile tumezoea hapa Nairobi ya sebene na magitaa yanakimbizana mpaka asubuhi. Mimi niliingia na hilo kosa. Nilikuwa natafuta Watermelon Man, wimbo wake uliovuma, muuzaji hana, akanipea hii akaniambia "chukua, ni ya huyo huyo", tukavutana bei mpaka ngiri tatu na nikapanda matatu nimeipakata kama trei ya mayai.

Kava moja, santuri mbili. Imetolewa 1972 lakini muziki wenyewe ni wa kitambo, ni albamu zake mbili, Yambú ya 1958 na Mongo ya 1959, zimewekwa pamoja. Jumapili asubuhi nikaanza na ile ya Yambú, sindano ikashuka, nikasikia ngoma, watu wanaitikiana, ngoma tena. Nikageuza upande. Ngoma. Nikajiambia basi, ngiri tatu imeenda.

Sasa babangu alikuwa amekuja kutoka Kakamega, ako hapo kwa kiti na chai yake, na huyu mzee muziki wangu kawaida hausikizi, huwa ananiambia nipunguze. Akaweka kikombe chini. "Hawa ni watu wa wapi?" Nikamwambia Kuba. Akatikisa kichwa, akasema, "Sikiza, hao wawili wanashikilia, huyo mdogo ndiye anaongea." Halafu akaanza kupiga meza na vidole. Kwetu isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na rumba ya Kuba pia ni tatu, tumba na segundo zinakaa pahali pamoja alafu quinto, ile ya sauti ya juu, inaruka vile inataka. Mzee hajui hayo majina na hakuyahitaji. Nikarudisha sindano mwanzo, na hapo ndo nikaanza kusikia kitu nimenunua.

Ile santuri ingine ndo ina Afro Blue. Wengi wanaijua kwa mpiga saksofoni John Coltrane, aliirekodi 1963, na kuna watu watakuapia ni yake, lakini hapana, ni ya huyu mtu wa konga. Hapa kuna filimbi na marimba, imetulia, na ujanja wake uko kwa hesabu: mguu wako unataka mbili, mkono unataka tatu, na zote ziko sawa. Jaribu kuipiga kwa mapaja ukiwa kwa jam ya Thika Road uone kama utaweza dakika nzima.

Kuhusu wahakiki wanaosema Mongo aliharibika baadaye. Ramón Santamaría (Mongo ni jina la utani, jirani yangu Mkongo aliniuliza kama ni Mmongo, wa lile kabila la kwao) alizaliwa Havana 1917 akaenda New York, akapigia bendi ya Tito Puente, akapigia ya Cal Tjader, na heshima ilikuwa imejaa. Alafu 1962 bendi yake ikakosa mpiga piano, kijana anaitwa Herbie Hancock akashikilia nafasi kwa klabu moja ya Bronx, watu ndani wa kuhesabu, akaanza kucheza kitu chake kidogo kidogo, Mongo akaingia na konga, na wale watu wachache wote wakainuka kucheza. Hio ndo Watermelon Man, na 1963 ikafika namba kumi kwa chati ya Marekani. Baada ya hapo akaanza kurekodi nyimbo za soul za watu wengine, moja baada ya nyingine, na wenye kujua jazi wakaanza kumnung'unikia ati ameacha muziki wake anafuata pesa. Mimi naona walikuwa na haki nusu. Zile za mwisho wa miaka ya sitini zingine ni za kuosha vyombo, kusema ukweli. Lakini Watermelon Man yenyewe waiache, juu ukitoka kwa Yambú ukaenda kwa hio unasikia mikono ni ile ile, ameongezewa tu tarumbeta. Na Grammy alikuja kupata na albamu yake Dawn ya 1977.

Shida yangu iko kwa muuzaji. Aliniapia imeoshwa na iko safi, kumbe kwa Afro Blue kuna mkwaruzo, sindano inaruka pale filimbi imeanza kunoga na ile hesabu ya mbili kwa tatu inavunjika kabisa. Kurudisha akakataa, ati niliiona kabla ya kulipa. Kwa hivyo angalia yako kwa jua, igeuze geuze, usiangalie kava. Nyota nne, ya tano amebaki nayo huyo muuzaji. Binti yangu wa miaka sita sasa anaimba Afro Blue na ule mruko ndani, ukimwambia si hivyo anakasirika.