Uzoefu wangu na dawa tatu za sonona: ipi ilinifaa

Nimetumia dawa tatu za sonona hapa Nairobi, zote kwa maagizo ya daktari wa akili, na iliyonifaa kuliko zote ni esitalopramu. Naandika kwa sababu nilipokuwa nikitafuta ushauri, kila niliyemuuliza aliniambia tu ipi ni kali. Mimi ningependa mtu aniambie ipi nitaweza kuimeza mpaka ifanye kazi.

Nilianza na amitriptilini. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na wengi wanaijua kama dawa ya maumivu ya neva, ambayo hutolewa kwa kipimo kidogo. Kwa sonona kipimo hupandishwa polepole. Usingizi uliokuwa umenihama ulirudi mapema, na kwa hilo naishukuru mno. Lakini mdomo ulinikauka hadi ulimi ukawa unagandamana na kaakaa nikiongea na wateja dukani. Choo kikawa kigumu. Asubuhi kichwa kilikuwa kizito. Kuna siku nililala ndani ya matatu ya Thika Road, makanga akaniamsha tumeshaingia mjini, nami nilikuwa wa kushuka Allsops.

Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi ulioongozwa na Andrea Cipriani wa Chuo Kikuu cha Oxford. Ulijumlisha majaribio 522 yenye watu 116,477, ukalinganisha dawa 21 na vidonge visivyo na dawa ndani yake. Dawa zote 21 zilivishinda vidonge hivyo, na amitriptilini ndiyo iliyoongoza kwa nguvu. Ila pia ilikuwa miongoni mwa zile ambazo watu wengi waliziacha kwa sababu ya madhara. Nilipolisoma hilo nilijiona kabisa.

Daktari akanihamishia fluoksetini, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Prozac. Hii humezwa asubuhi. Mwanzoni ilinitia kichefuchefu na wasiwasi wa ajabu, mikono haitulii, halafu ikapoa. Aliyegundua mabadiliko kwanza ni dada yangu: aliniambia nimeanza tena kumjibu kwa sentensi nzima. Haikunifikisha mbali zaidi ya hapo. Kila nikienda kliniki hujaza karatasi ya maswali 9 inayopima sonona, alama zikiwa 0 hadi 27. Zangu zilishuka, kisha zikakwama katikati. Katika uchambuzi ule fluoksetini ilionekana kuvumilika vizuri, lakini haikuwa kwenye kundi la zile zenye nguvu zaidi.

Esitalopramu ilikuwa kwenye makundi yote mawili: yenye nguvu na inayovumilika. Kwangu imekuwa hivyo hivyo. Naamka, naoga, nafungua duka bila kujisukuma, na chakula kina ladha. Kasoro ipo, na watu huona haya kuitaja: hamu ya tendo la ndoa imepungua. Mwambieni daktari, ana njia za kusaidia. Bei nayo inauma nikilinganisha na zile mbili za kwanza.

Msichukulie mpangilio wangu kuwa sheria. Majaribio mengi yalipima hali ya wagonjwa baada ya takriban wiki 8, na yanaonyesha wastani. Jirani yako anaweza kupona kwa fluoksetini pekee. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu zake, na kwa vijana walio chini ya miaka 25 wiki za mwanzo zinahitaji mtu wa karibu, kwani mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Hilo likitokea, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Muuzaji mmoja wa duka la dawa alinitangazia mbele ya foleni kwamba nitakuwa mraibu. Si kweli, hazileti uchu kama wa dawa za kulevya. Kuziacha ghafla ndiko kubaya, unaweza kupata kizunguzungu na kukosa usingizi. Mimi najisikia mzima sasa, na daktari ameniambia niendelee kumeza kwa angalau miezi 6 ndipo tuanze kupunguza kidogo kidogo.