qpdf kwenye steshenari yangu Ngamiani: inahesabu kurasa, haipimi uzito

Nina steshenari ndogo Ngamiani, hapa Tanga, na huu ni mwezi wa saba tangu nianze kufanya kazi zote za kukata PDF kwa qpdf, programu ya kompyuta. Ni ya bure. Haina vitufe vya kubonyeza. Unaandika amri, inatekeleza. Kwenye Ubuntu, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, niliipata kwa sudo apt install qpdf, na bando halikuumia.

Aliyenifikisha huku ni mzee mmoja aliyekuja na flashi. Ndani mna faili moja la shamba la mkonge: kurasa 612, MB 340, zote za kuskani. Mfumo aliotakiwa kupakia unapokea MB 10 tu kwa kila faili. "Mwanangu, wewe likatekate, ilimradi lifike."

Zamani ningekimbilia tovuti za kukata bure. Lakini kupandisha MB 340 kwa bando la simu ni kuchoma hela, na hati za shamba la mtu kuzitupa kwenye seva nisiyoijua, roho ilisita. Nikapiga hesabu: kila ukurasa ni nusu MB na ushee, basi kurasa 15 zitaingia.

qpdf --split-pages=15 shamba.pdf sehemu.pdf

Sijamaliza kukoroga chai, vipande 41 vimeshajipanga, kuanzia sehemu-001-015.pdf mpaka sehemu-601-612.pdf. Hizo sifuri za mbele nazipenda mno, maana bila hizo 106 ingekaa juu ya 16. Faili mama halijaguswa, mihuri imebaki ilivyokuwa.

Ugomvi wangu na qpdf ulianzia kwenye ramani za rangi. Vipande vitatu vilizidi, kimoja MB 17. Nikajaribu kuvipunguza kwa Ghostscript, programu nyingine inayoweza kupunguza uzito wa PDF, kwa kiwango chake cha ubora wa kati kiitwacho /ebook. Uzito ulishuka kweli, ila saini ya wino wa bluu ikawa kama moshi. Mzee alivaa miwani, akaangalia, akasema hiyo hapana. Ikabidi niandike kaskripti ka bash, yaani kafaili ka amri zinazojiendesha zenyewe kwa mfuatano: kata, pima kila kipande, kilichozidi MB 10 kikate tena kwa --split-pages bila namba, yaani ukurasa mmoja mmoja.

Kosa jingine ni langu mwenyewe. Siku hiyohiyo nilikata tasnifu ya mwanafunzi, kurasa 120, kwenye folda ileile na kwa jina lilelile la sehemu. qpdf haikuuliza kitu. Vipande vinane vya mwanzo vya mkonge vikafunikwa na tasnifu, na ningemkabidhi mzee flashi hivyohivyo kama nisingefungua kimoja kuhakikisha. Sasa kila mteja ana folda yake.

Wenye vitabu wajue pia kwamba ile orodha ya sura ya kubofya pembeni haifuati kwenye vipande.

Naipa nyota nne. Ya tano naiweka mpaka siku nitakapoweza kuiambia "MB 10" badala ya "kurasa 15".