Karakana iliyopima kwanza: uzoefu wangu na nyaya za muziki wa gari, Lubumbashi

Ndani ya miezi kumi na moja nilinunua batri mbili mpya, ya kwanza dola 75, ya pili dola 80, na zote zilinisaliti siku ileile ya juma. Jumamosi jioni naegesha gari. Jumapili tunakwenda misa kwa miguu, kanisa liko karibu. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu nageuza ufunguo, watoto wako nyuma na mikoba yao, nasikia tik-tik-tik, basi. Kila mara niliambiwa neno moja: "Mama, batri imekufa, nunua ingine." Nilipokuwa karibu kununua ya tatu ndipo jirani akanielekeza kwenye karakana ndogo ya umeme wa magari katika commune ya Kenya, yaani mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi, si mbali na soko. Kazi waliyonifanyia ndiyo nataka kuieleza hapa, maana naona watu wengi mjini wanabadilisha batri na redio huku kosa liko kwenye waya.

Gari langu ni Toyota Ractis, usukani kulia, limekuja kutoka Japani kupitia Dar es Salaam kama mengi ya hapa. Redio zake za asili zinashika FM kuanzia 76 hadi 90 tu, kwa sababu ndivyo Japani walivyokuwa wamepanga mawimbi yao zamani. Sisi huku tuko kati ya 87.5 na 108. Radio Okapi hapa Lubumbashi iko juu ya 90, kwa hiyo sikuweza kuisikia kwenye gari langu mwenyewe. Nikaamua kubadilisha redio, na kwa kuwa nafundisha kwaya ya watoto parokiani na nataka kusikia sauti ya nne, yaani besi, ikiwa wazi, nikaongeza ampli (mashine ya kukuza sauti) na kisanduku cha besi kwenye buti. Mafundi wa kwanza, mahali nisipopataja, walifunga kila kitu kwa nusu siku. Muziki ukalia. Nikalipa, nikaondoka nikiimba.

Matatizo yalikuja moja baada ya jingine. Kwanza mlio mwembamba kwenye spika, kama mbu, unaopanda nikikanyaga mafuta na kushuka nikiachia. Halafu besi ikawa inakatika wimbo unapokuwa mzito. Halafu spika ya mlango wa nyuma kushoto ikawa inakufa nikipita mashimo, na kuna siku ampli nzima iliwasha taa nyekundu na kunyamaza nikiwa njiani kwenda Likasi kwa dada yangu. Juu ya hayo yote, batri za Jumatatu. Niliwarudia mafundi wale mara tatu. Mara ya kwanza walisema redio ni mbovu. Mara ya pili ampli. Mara ya tatu batri. Hakuna hata mara moja niliyomwona mmoja wao ameshika kipimo mkononi.

Fundi yule wa commune ya Kenya, ambaye huku tunamwita Papa kwa heshima, alianza kwa maswali, na boneti ya gari bado imefungwa. Mlio unakuja injini ikiwa imezimwa? Hapana. Ukipunguza sauti ya redio, mlio unapungua? Hapana, unabaki palepale. Batri inakufa ukilaza gari usiku mmoja? Hapana, mpaka siku mbili. Akatikisa kichwa: "Mama, batri yako haina kosa. Kuko kitu kinakunywa courant polepole." Courant ni umeme.

Akafungua kichwa cha hasi cha batri, akaunganisha multimeta, kile kipimo cha umeme, katikati, kati ya batri na waya wake, kwenye tundu la ampea 10. Milango yote imefungwa ili taa ya ndani isiwake, ufunguo nje. Akanionya nisije nikawasha gari katika hali ile, kwa sababu stata inavuta umeme mwingi kuliko kipimo kinavyoweza kubeba na fyuzi yake ingeungua. Tukangoja dakika kumi hivi, kompyuta za gari zilale. Namba ikasimama kwenye 1.1. Gari lililolala vizuri halipaswi kuzidi ampea 0.05. Akaanza kutoa fyuzi moja moja (huku tunasema fusible), akiangalia kioo cha kipimo kila mara. Alipotoa ile ya ampli, namba ikaanguka hadi 0.03.

Mahesabu aliyafanya kwa kidole juu ya vumbi la boneti. Ampea 1.1 kwa saa 36, kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumatatu asubuhi, ni karibu ampea-saa 40. Batri yangu imeandikwa 45, kwa hiyo karibu yote ilikuwa imenywewa. Nilisimama pale nikiikumbuka ile batri ya dola 75 niliyoiacha kwa muuza vyuma bila kosa lolote. Moyo uliniuma kweli.

Kosa lenyewe lilikuwa waya mmoja mwembamba. Redio za kufunga zina waya wa bluu wenye mstari mweupe. Kazi yake ni kuiambia ampli iwake redio inapowaka na ilale redio inapolala. Waliofunga mwanzo waliuunga na waya wa njano, ule unaopata umeme wa batri saa zote. Ampli yangu ilikuwa haijalala tangu siku iliyofungwa.

Hapa nisimame kidogo kwenye rangi, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Kwenye redio za kufunga, njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme unaokuja na ufunguo, nyeusi ni masi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi la gari. Lakini kwenye soketi ya Toyota yangu umeme wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, wa ufunguo ni kijivu, masi ni kahawia. Njano na nyeusi zipo pia, ila zile ni za spika ya nyuma kushoto! Mtu akiunga njano kwa njano na nyeusi kwa nyeusi kwa sababu macho yake yamependezwa, ameunganisha vitu visivyojuana. Papa yule hakuamini rangi hata moja. Kila waya aliugusa kwa kipimo, ufunguo ukiwa umezimwa, kisha ukiwa umewashwa, ndipo akaupa jina kwa kipande cha karatasi na gundi.

Mlio wa mbu na besi inayokatika vilikuwa na chanzo kimoja, na sehemu hii ndiyo iliyonifundisha zaidi. Aliwasha injini, akacheza kutoka kwenye simu yake mngurumo mmoja usiobadilika, maana wimbo wa kawaida unafanya namba zirukeruke. Kwenye batri alipata volti 14.1. Kwenye ampli, nyuma, 11.2. Volti karibu tatu zimepotelea njiani! Fundi mwingine angeishia hapo na kusema "alternata", mashine inayochaji batri injini ikiwaka. Yeye akazitafuta zilikokwenda. Akaweka ncha moja kwenye hasi ya batri, nyingine kwenye masi ya ampli: 0.9. Hapo kipimo kinapaswa kuwa karibu na sifuri. Akapima pande mbili za kibebeo cha fyuzi: 1.2. Zilizobaki, 0.8, zilikuwa kwenye waya mwenyewe. Jumlisha: 2.9. Kila volti iliyopotea ilikuwa na anwani yake.

Masi ilikuwa imefungwa kwenye bolti ya mkanda wa usalama, juu ya rangi ya gari. Rangi haipitishi umeme, na bolti ya mkanda si ya kuchezewa, siku ya ajali ndiyo inayokushika. Umeme wa ampli ulipokosa njia nzuri ya kurudi, sehemu yake ulikuwa unarudia kwenye waya za RCA, zile zenye vichwa vyekundu na vyeupe zinazobeba sauti kutoka kwenye redio, na kelele ya alternata ikapanda pamoja nao. Kumbe ndiyo sababu mlio haukusikia amri ya kitufe cha sauti. Alikwangua kwa msasa sehemu nyingine ya bodi mpaka chuma kikang'aa, akaboa, akafunga bolti mpya kwa nguvu, akapaka grisi juu ili mvua zisilete kutu. Akapima tena: 0.05. Mlio ulipungua sana lakini ukabaki kidogo. Ndipo akakuta waya za RCA zimefungwa kamba moja na waya mkubwa wa umeme, safari nzima kutoka mbele hadi nyuma. Akazihamishia upande wa pili wa gari, chini ya zulia. Kimya. Nilizima, nikawasha, nikakanyaga mafuta, kimya.

Waya mkubwa alinikatia kipande nikione. Nje ni mnene kama kidole cha mtoto. Ndani, ganda limechukua karibu nafasi yote na nyuzi ni chache. Alipokwangua nyuzi kwa kisu, rangi ya shaba ikatoka na chini yake kukawa kweupe: aluminiamu iliyopakwa shaba. Aluminiamu inapitisha umeme pia, lakini kwa ukubwa uleule inazuia zaidi ya shaba, na mimi niliuziwa kwa bei ya shaba. Katika mji huu unaoishi kwa shaba! Na kibebeo cha fyuzi plastiki yake ilikuwa imeshaanza kulainika. Volti 1.2 kwa ampea kama 25 ni wati 30 za joto, nguvu ya pasi ndogo ya kulehemu, ndani ya kitu kisichozidi kidole gumba. Humo mlikuwa na fyuzi ya ampea 80 juu ya waya usioweza kubeba hata nusu yake. Kazi ya fyuzi ni kuokoa waya. Pale waya ndio ungeungua kwanza, na watoto wangu wanakaa juu ya njia yake. Hili ndilo lililonikasirisha kuliko pesa zote.

Tulinunua waya wa shaba tupu wa milimita 16 za mraba, mita tano, na kibebeo kipya chenye fyuzi ya 40, kikawekwa kama sentimita 30 kutoka kwenye batri. Kipimo cha mwisho: batri 14.1, ampli 13.7. Besi haijakatika tena.

Spika ya mlango ilichukua muda mfupi. Aliichomoa kwenye ampli akapima ohmu, yaani jinsi njia inavyozuia umeme: ya kulia 3.4, ya kushoto 3.4 mlango ukiwa umefungwa, na ukifunguliwa hakuna kitu, maana njia imekatika. Waya ulipitishwa nje ya mpira wa bawaba ukasagwa na chuma. Ulipogusa bodi ndipo ampli ilipokuwa inajilinda na kuwasha taa nyekundu. Kijana wake aliupitisha upya ndani ya mpira, saa moja ikatosha.

Nisiwafiche yasiyonipendeza. Karakana ni uwanja wazi. Mvua ilipokuja siku ya kwanza kazi ilisimama na gari likalala kwao. Waliniambia nusu siku, ikawa siku mbili. Risiti haikuja mpaka nilipoiomba, na dhamana ni ya mdomo tu. Pia wanapokea magari mengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo nenda mapema na ukae hapohapo. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki, na kila nilipouliza, Papa alinionyesha namba kwenye kioo kabla ya kunijibu. Ufundi nilipa dola 25, waya na vifaa dola 32.

Siku iliyofuata nilinunua multimeta yangu mjini, dola 10. Nyaya zake ni laini mno na mlio wake wa kuonyesha mguso unachelewa, lakini volti inasoma sawa na ya Papa, tulizilinganisha. Kwa mtu asiye fundi inatosha. Mimi natumia mambo mawili tu: volti kwenye batri asubuhi kabla ya kuwasha, inayotakiwa kuwa karibu 12.6, na volti injini ikiwaka, kati ya 13.8 na 14.4. Kufungua nyaya sifungui. Baba watoto alipojaribu kukaza kichwa cha chanya kwa spana bila kutoa hasi kwanza, nilimzuia: spana ikigusa bodi, cheche zake si za mchezo.

Sasa ni miezi minne. Jumatatu hii nilipima kabla ya kuwasha: 12.5, baada ya gari kulala tangu Jumamosi saa kumi na moja jioni. Batri ni ileile ya dola 80 niliyoambiwa imekufa. Spika za mbele bado zina waya za zamani, na Papa ameniambia nimletee gari mvua zikiisha.