Darasa la Jioni la Kiingereza kwa Waongoza Watalii, Moshi

Kituo kimoja kidogo cha lugha mjini Moshi hufundisha Kiingereza jioni kwa waongoza watalii na wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, na sifa yake kubwa ni namna kinavyoshughulikia vitenzi vinavyoandamana na vihusishi au vielezi. Mwalimu haanzi na orodha ya kukariri, bali huanza na kazi yenyewe: mgeni anavaa koti, anavua buti, anaishiwa maji. Hapo mwanafunzi huona kwamba nomino inaweza kukaa baada ya kielezi "on" au kabla yake, "put on the jacket" au "put the jacket on", lakini kiwakilishi hakina uhuru huo. Lazima kiingie katikati, "put it on". Kinyume chake, katika "look after her" (mtunze) na "wait for him" (msubiri) kiwakilishi hufuata kihusishi. Sisi tuliozoea kumpachika mtendwa ndani ya kitenzi, kama katika "nimsubiri", mara nyingi huisahau hata hiyo "for", na mwalimu hulisahihisha kosa hilo bila kuchoka.

Upungufu upo. Vitenzi vya maneno matatu, kama "run out of" (kuishiwa), vilipitiwa harakaharaka ilhali mlimani vinahitajika sana, na sauti za kusikiliza ni za Waingereza pekee, kana kwamba Wamarekani na Wajerumani hawapandi. Ada hulipwa kwa mwezi. Kipindi cha masika, kazi inapopungua mlimani, ndicho kinachofaa zaidi kujiandikisha.